Kazi ya Kaskazi: Bustani ya Mboga Kwenye Udongo Wenye Maadui

Mhadhara wa wazi uliotolewa Ramisi, Kaunti ya Kwale, mwezi wa Januari



Walioniita walinieleza shida yao bila kuzunguka. Mtu analima, anapanda nyanya, mabenda na biringani, mvua ya mwaka, ile ya masika, inanyesha vizuri, miche inashika. Kufika Juni shamba limepooza. Majani yamegeuka manjano, saa sita mchana mmea unalegea hali udongo umelowa, na matunda yanayotoka ni ya kumwonea haya mnunuzi. Mwenye shamba anasema ardhi imechoka. Jirani yake anasema kuna mtu ametia jicho. Mimi nawaomba tung'oe mmea mmoja kwanza, tuitazame mizizi, kisha tuamue tumlaumu nani.

Uchimbe taratibu kwa jembe. Usiuvute kwa pupa, mizizi itakatika na ushahidi utabaki chini. Mara nyingi hapa kwetu utakuta mizizi imevimba mafundo-mafundo, mengine yana ukubwa wa punje ya mtama, mengine yameshikana mpaka mzizi mzima umenenepa na kupinda. Hayo ni makazi ya minyoo fundo. Mnyoo mchanga anapotoka kwenye yai hafiki nusu milimita, kwa hiyo jicho halimwoni. Anaingia kwenye ncha ya mzizi, anatafuta mahali, anatulia, na kuanzia hapo anaulazimisha mzizi umtengenezee chakula. Jike hunenepa hadi akawa duara, hatembei tena maisha yake yote, na hutaga mayai kwa mamia ndani ya ute unaoyakinga. Kwa joto la udongo wetu, kutoka yai hadi mama mwingine anayetaga ni chini ya mwezi mmoja au karibu na hapo. Hebu pigeni hesabu wenyewe: nyanya iliyopandwa Aprili ikavunwa hadi Julai imelea vizazi vitatu au vinne. Minyoo michache uliyoanza nayo ikikutana na mvua ya kwanza, mwisho wa msimu huna namna ya kuihesabu.

Si balaa jipya, wala si la kwetu peke yetu. Kasisi mmoja wa Kiingereza aliyebobea katika elimu ya kuvu, Miles Berkeley, aliandika juu ya mafundo haya mwaka 1855 baada ya kuyaona kwenye mizizi ya matango yaliyooteshwa ndani ya nyumba ya vioo. Tangu wakati huo imejulikana kwamba minyoo hii inaishi kwenye mimea ya aina zaidi ya 2000. Ndani ya hesabu hiyo zimo karibu mboga zote tunazozipenda: nyanya, mabenda, biringani, tango, tikiti, boga, pilipili hoho, mchicha, hata sukuma wiki. Mabenda hasa ni mwenyeji mkarimu kupita kiasi.

Kwa nini basi minyoo hii itukalie sisi kuliko mtu wa Limuru huko bara? Kwanza ni mchanga. Mnyoo huyu husafiri ndani ya utando wa maji uliozunguka punje za udongo, na udongo wa kichanga una nafasi za kumpitisha. Udongo mzito wa mfinyanzi humbana. Pili, mchanga wetu una mboji kidogo, na palipo na mboji kidogo wale viumbe wanaowala minyoo nao ni wachache. Tatu ni joto. Wenzetu wa nchi za baridi wana majira yao ya kuchipua: theluji ikiyeyuka ndipo hutoka na majembe, na kwa miezi kadhaa baridi imekuwa ikiwazubaisha wadudu. Sisi hatuna baridi ya kutufanyia kazi hiyo. Udongo wa Ramisi una joto la kumfurahisha mnyoo kuanzia Muharram hadi Dhul-Hijja.

Lakini tuna kaskazi. Na hilo ndilo lililonileta hapa leo. Kati ya Desemba na Machi upepo huu unavuma, jua linawaka, ardhi inakauka, na watu wanasema shambani hakuna kazi, tungoje mvua. Naona hapo ndipo tunapopoteza bustani. Miezi tunayoihesabu kuwa ya kukaa barazani ndiyo pekee katika mwaka inayoweza kumpiga adui huyu bila gharama kubwa, na mvua ya mwisho wa Machi ikishaanguka, mlango umefungwa mpaka mwaka mwingine.

Kabla ya kufanya lolote, uliza historia ya kiwanja chako. Ramisi hii ilikuwa nchi ya miwa. Kiwanda cha sukari kilisimama hapa tangu 1927 mpaka kilipofungwa 1988, na katika miaka ya 2010 miwa ikarudi na kampuni ya sukari ya KISCOL. (Habari za mashamba na hati zina wenyewe na mahakama zake, leo sizigusi.) Pale palipolimwa miwa muda mrefu, au palipokuwa nyasi tupu, tarajia funza weupe wa mbawakawa wanaokula mizizi, na mchwa. Pale palipopandwa nyanya na biringani msimu baada ya msimu, tarajia minyoo fundo. Palipokuwa na minazi iliyoanguka ikaoza, utakutana na jambo lingine kabisa, nitalifikia.

Kisha jaribu udongo wako wakati huu huu. Jaza makopo mawili matatu udongo wa kiwanja, uuchote kwenye kina cha kiganja na mahali mbalimbali, si juu juu. Panda mbegu ya tango au mabenda, mwagilia, ngoja wiki tano, kisha ng'oa na uoshe mizizi. Ukiona mafundo, umepata jibu bila kumlipa mtu. Anayetaka uhakika zaidi apeleke udongo pamoja na mizizi yenyewe kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichoko Matuga, akiwa ameufunga usikauke na bila kuuacha juani.

Na kwenye kunde tuwe waangalifu. Mizizi ya kunde ina vifundo vyake vya heri, vilivyojaa bakteria wanaolisha mmea naitrojeni kutoka hewani. Hivyo vimebandikwa pembeni mwa mzizi, ukivigusa kwa ukucha vinabanduka, na ukivipasua ndani vina rangi ya waridi au nyekundu. Fundo la mnyoo halibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Kuna watu waliong'oa kunde nzima ya baraka wakaichoma moto kwa kutojua tofauti hii.

Sasa niwatetee wanaosingiziwa. Jongoo kazi yake kubwa ni kula kilichooza. Siku moja moja ataguguna mche laini, lakini hawezi kukuulia shamba. Nyungunyungu ni rafiki, mwache. Yule funza mnene mweupe mnayemkuta ndani ya lundo la samadi au chini ya gogo la mnazi lililooza, akajikunja nusu duara, mara nyingi ni mtoto wa chonga. Anakula uozo, na biringani lako halimhusu. Lakini akishakuwa mbawakawa mwenye pembe ataruka hadi kwenye kilele cha mnazi, atoboe moyo wake, na mnazi mchanga unaweza kufa. Kwa hiyo ukimkuta muue, kwa ajili ya mnazi, na kuku watakushukuru. Magogo ya minazi yasiachwe yakaoza kando ya bustani.

Mchwa ana kesi nzito kidogo. Hupenda kilichokauka na kinachokufa, ndiyo maana uharibifu wake huongezeka mvua ikikatika katikati ya msimu. Matandazo ya nyasi kavu tunayoyasifu kwa kuhifadhi unyevu yakiegemea shina la mche yanamwalika mezani. Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina, na mwagilia kabla mche haujaonyesha shida. Kichuguu kilichoko ndani ya bustani kichimbwe mpaka apatikane malkia. Kilicho mbali, sioni sababu ya kukisumbua, mchwa naye ana kazi yake ya kuchanganya ardhi.

Sota, kiwavi wa nondo, ndiye mwizi wa usiku. Asubuhi unakuta mche umelala, umekatwa usawa wa ardhi, na aliyekata hayupo. Yuko. Fukua kwa kidole kandokando ya shina, kwenye kina cha sentimita chache, utamkuta amejikunja, ana rangi ya udongo. Sota huja na magugu: nondo hutaga palipo na majani mabichi, kwa hiyo kiwanja kikisafishwa na kutifuliwa wiki tatu kabla ya kupanda, sota wengi hufa njaa. Siku za kutifua fungulia kuku, na kama unafuga kanga ni bora zaidi. Miche iliyokwisha kupandwa ivalishe pete ya chupa ya plastiki iliyokatwa, izame ardhini kidogo.

Hawa wote wanaonekana, na anayeonekana hupigwa. Turudi kwa asiyeonekana.

Kwa muda mrefu jibu la dunia lilikuwa sumu. Mwaka 1943 huko Hawaii, kwenye mashamba ya mananasi, mtafiti Walter Carter aligundua kwamba mchanganyiko fulani wa mafuta ya kemikali ukimwagwa ardhini unaua minyoo na mazao yanaongezeka. Hapo ikaanza biashara kubwa ya kufukiza udongo. Sumu moja iliyofuata, DBCP, iliyouzwa kwa jina la Nemagon, ilifika mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati. Mwaka 1977 wanaume waliokuwa wakiitengeneza huko California walianza kuulizana mbona hawapati watoto, wakapimwa, wengi wakaonekana mbegu zao za uzazi zimepungua mno au zimekwisha. Gesi nyingine, methyl bromide, iliyopendwa sana na mashamba ya maua, ilikuja kuondolewa kwa Itifaki ya Montreal kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni. Na hapa Kenya wazee wanaikumbuka Furadan, chembechembe za zambarau. Watu walizitoa shambani wakazitia kwenye mizoga kuulia simba, na mwaka 2009 mtengenezaji akatangaza kuziondoa sokoni kwetu.

Kwenye mchanga wetu sumu za aina hiyo zina shida ya pili, ambayo ni nzito kuliko ya simba. Dawa inayoyeyuka kwenye maji haikai juu, inashuka na mvua. Na chini ya mchanga huu ndiko yaliko maji tunayokunywa. Kwale ndiko ilikofanyiwa majaribio pampu ya mkono ya Afridev miaka ya 1980, kwa kuwa maji yetu hayako mbali na visima vya kijiji vinatosha. Pampu ile ile sasa imesambaa Afrika na Asia. Mtu anayemwaga sumu ya minyoo mita chache kutoka kwenye pampu ya jirani atakuwa amemtilia jirani huyo kwenye mtungi. Sisemi kila kilichoko agroveti ni haramu. Nasema kwenye bustani ya nyumbani, iliyo kati ya jiko na kisima, ile ya minyoo isiingie.

Basi tutumie jua. Mwaka 1976 mtafiti wa Israeli, Jaacov Katan, na wenzake walichapisha jambo ambalo ukilisikia unashangaa halikufanywa zamani. Walilowesha udongo, wakaufunika kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, wakauacha juani wakati wa kiangazi. Joto lilipanda mpaka vimelea vya magonjwa vikafa. Kwenye kina cha sentimita 5 udongo uliofunikwa vizuri unaweza kufika nyuzi joto 50, na kwenye sentimita 20 ukafika karibu 40. Nyuzi 45 kwa saa chache zinamwua mnyoo fundo. Nyuzi 40 zinahitaji saa nyingi zaidi, ndiyo maana hatufunui baada ya siku mbili, tunaacha wiki nne hadi sita.

Utaratibu wake hauna uchawi, ila kila hatua ina sababu. Tengeneza matuta yako kabisa kwa vipimo vya mwisho, kwa sababu ukishafunua hutakiwi kuchimba tena na kuupandisha udongo wa chini ambao haukupata moto. Ondoa mizizi yote ya zamani na madongoa. Mwagilia mpaka maji yashuke futi moja: udongo wenye unyevu unapeleka joto chini, mkavu haulipeleki, na mayai yaliyolowa ni mepesi kufa kuliko yaliyokauka. Tandika nailoni igusane na udongo bila mifuko ya hewa, kingo zake uzifukie kwenye mfereji pande zote, tundu lolote lizibwe kwa ukanda. Nailoni nyeusi haifai kazi hii hata kama ni ya bei nafuu, kwa maana inajipasha moto yenyewe na udongo unapata kilichobaki. Itandikwe kabla Januari haijaisha, ikichelewa sana katikati ya Februari, ili Machi mawingu ya mwaka yanapoanza kujikusanya kazi iwe imekwisha.

Naulizwa kila mara kama serikali haitamkamata mtu. Marufuku ya 28 Agosti 2017 ilikuwa ya mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungashia. Nailoni ya vibanda vya mboga haimo. Lakini roho ya sheria ile inatuhusu: ukifunua, ioshe, ikunje, iweke kivulini kwa mwaka ujao. Isiachwe ikapasuka vipande vikapeperuka mpaka mikokoni kwa watu wa kisiwa cha Funzi.

Nisiwadanganye kwamba hii inamaliza kila kitu. Ndago haifi, mizizi yake iko chini na ina ukaidi. Kama kiwanja kimejaa ndago ing'oe kwanza, tena ndago yenyewe huhifadhi minyoo. Na minyoo iliyo chini ya sentimita 30 itapona, itapanda polepole. Unachokipata ni msimu mmoja ambao mche mchanga unaweka mizizi kwa amani, na mmea ulioanza na afya huvumilia wageni wa baadaye. Kwa nyanya hiyo ndiyo tofauti ya kuvuna na kutovuna.

Asiye na pesa ya nailoni ana jembe. Tifua kiwanja sasa hivi kikiwa kikavu, pindua udongo wa chini uje juu, uache jua liuchome wiki mbili. Pindua tena. Fanya hivyo mara tatu kabla ya mvua, na kila mara okota mizizi ya mazao yaliyopita uichome, kwa maana ndani ya mizizi ile kavu mayai yamelala yanangoja. Ni kazi ya jasho, na haifikii nailoni, lakini inapunguza sana, na haikugharimu ila nguvu na kofia.

Sasa kuna uwanja mmoja ambao watu hushinda vita shambani wakavipoteza hapo: kitalu. Umechoma udongo wiki sita, halafu unanunua miche kando ya barabara ambayo mizizi yake tayari ina mafundo. Umewaleta maadui kwa mkono wako na kuwapandia mmoja mmoja, kwa nafasi. Kabla ya kununua, mwombe muuzaji ang'oe mche mmoja. Akikataa, nenda zako. Bora zaidi ni kujioteshea. Pwani ya kusini tuna makumbi ya nazi ya kutupa, na unga wa makumbi ni udongo wa kitalu ambao nchi nyingine zinaununua kwa meli. Hauna minyoo, unashika maji, ni mwepesi. Tahadhari ni chumvi: makumbi yaliyolowekwa baharini au kwenye maji ya mikokoni yaoshwe kwa maji baridi mara kadhaa. Changanya na mboji iliyoiva vizuri, weka kwenye trei au vikopo vilivyoinuliwa juu ya chanja visiguse ardhi. Mbegu za nyanya zikipandwa mwanzoni mwa Machi, miche itakuwa tayari mvua ikishika. Mwenye ua mdogo wa msikitini au wa nyumba ya kupanga anaweza kuishia hapo hapo, mchanganyiko ule ule ndani ya gunia, na asione mnyoo maisha yake.

Mtauliza juu ya mbegu zinazotangazwa kuhimili minyoo, zile zenye herufi N kwenye pakiti. Ni kweli zipo. Uwezo huo ulichukuliwa kutoka nyanya mwitu ya Peru, ukaanza kuingizwa kwenye nyanya za kawaida miaka ya 1940, na umewasaidia wakulima wengi duniani. Ila una kikomo kisichoandikwa kwenye pakiti: udongo ukipita nyuzi joto 28, kinga inalala. Nani hapa ana udongo ulio chini ya nyuzi 28 mwezi wa Aprili? Kwenye baridi ya Julai, chini ya matandazo mazito, labda. Kwa hiyo mtu wa Ramisi akilipa bei ya mbegu hiyo ajue anachonunua. Hata hivyo matandazo yanayopoza udongo yana faida hapa kwa sababu nyingine zote, nami ningeyaweka.

Kuna kifo kingine cha nyanya kinachochanganywa na hiki. Mmea mzima, wa kijani, unanyauka ghafla ndani ya siku mbili tatu bila kuwa manjano kwanza, na mizizi haina mafundo. Huo ni mnyauko wa bakteria. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize ncha tu ndani ya gilasi ya maji safi, usikitikise. Baada ya dakika chache, ikiwa ni bakteria, uzi wa rangi ya maziwa utashuka kutoka kwenye shina. Ukiuona, usitafute dawa ya kunyunyiza, haipo. Ng'oa, choma, usiruhusu maji ya tuta lile yakimbilie mengine, na nyanya, biringani, pilipili na viazi visirudi hapo kwa miaka kadhaa. World Vegetable Center, yenye makao yake Taiwan na kituo Arusha, imekuwa ikifundisha kubebesha nyanya juu ya shina la biringani linalohimili ugonjwa huu, na sidhani ni jambo gumu kwa watu wanaobebesha maembe tangu utoto. Mara nyingine magonjwa haya mawili huja pamoja, maana mnyoo akiutoboa mzizi, bakteria huingia kwa mlango ule ule.

Nimebakisha habari ya nini kifuate nini, na hapa napenda kuanza na mchicha. Tumezoea kuuza mchicha wa kung'oa, fungu na mizizi yake. Mchicha unavutia minyoo fundo. Inaingia mizizini, inatulia, na haiwezi kutoka tena. Ukiung'oa wote kabla haujafikisha wiki nne, umeitoa minyoo ardhini kabla haijataga, ukaiuza sokoni Ukunda pamoja na mboga. (Mnunuzi hadhuriki, mnyoo huyu hana habari na tumbo la binadamu.) Mchicha huo huo ukiachwa wiki nane ukikatwa majani tu, umekuwa kiwanda cha minyoo. Kwa hiyo kwenye kiwanja chenye shida, mchicha wa haraka utangulie nyanya, ung'olewe kwa wakati, na mizizi iliyobaki isirudishwe kwenye tuta.

Baada ya nyanya, msirudishe mabenda. Pandeni karanga au mahindi, ambayo hayana kinga kamili lakini hayamlishi mnyoo kwa ukarimu ule. Na kama mnaweza kupata mbegu, pandeni marejea. Watu wa Peramiho, kusini mwa Tanzania, walihubiriwa mmea huu na mmisionari Mbenediktini, Gerold Rupper, miaka ya 1980, kama mbolea ya kijani. Mnyoo fundo huingia kwenye mzizi wake asiweze kukua akazaa. Na waliotoka magharibi mwa Kenya wakaja kukaa nasi huku wanaujua kwa jina la mitoo, wanaula majani yake na samaki. Ardhi inasafishwa na sufuria inapata kitu. Sijaona sababu kwa nini hauko kwenye kila bustani ya Kwale.

Samadi iwe imeiva, hasa ya kuku, nyingi kadiri mtakavyopata, kwa sababu kwenye mchanga mboji ndiyo inayolea maadui wa minyoo. Kokwa za mwarobaini zilizotwangwa zikichanganywa na samadi kwenye shimo la mche zinapunguza minyoo na kumchukiza mchwa. Majani nayo yanasaidia, lakini nguvu kubwa iko kwenye kokwa, na chini ya miarobaini yetu zinaanguka zikakanyagwa bure.

Neno langu la mwisho ni la Julai. Nyanya ikimaliza kuzaa tunaiacha isimame, mbuzi watakula majani, tutaing'oa siku tukipata nafasi. Kila wiki inayosimama hivyo, mizizi yake inatoa kizazi kingine. Mkivuna tunda la mwisho, kesho yake ng'oeni, kusanyeni mizizi, ichomeni hapo hapo. Vuli itakapokuja Oktoba mtaona tofauti hata bila nailoni. Waliokuja na mizizi ya mashamba yao waipange mezani, na wenye maswali waanze.